Copernicus, Kepler na mzingo wa Mirihi

Kwa nini utabiri wa mwanaastronomia Copernicus kuhusu mahali pa sayari haukuupita sana ule wa Ptolemy, mtaalamu wa kale aliyeiweka Dunia katikati, ilhali mwaka 1543 Copernicus alishaliweka Jua katikati? Ni kwa sababu alibaki na miduara, pamoja na viduara vidogo juu yake. Mwanaastronomia Kepler alipotumia vipimo vya anga vya mwenzake Tycho Brahe, hesabu ya duara iliiweka Mirihi pembeni kwa dakika 8 za nyuzi, kama robo ya upana wa Mwezi. Brahe hakuwa na darubini, lakini hakukosea kiasi hicho. Kepler akaliacha duara, na mwaka 1609 akatangaza kuwa mzingo wa Mirihi ni duaradufu, yaani duara lililobonyea.

Uchore mzingo huo mwenyewe. Chomeka pini mbili, umbali wa milimita 18.7. Zizungushie kitanzi cha uzi chenye mzunguko wa milimita 218.7, kisha pitisha penseli ukiubana uzi. Usitumie uzi unaovutika, utakupotosha: duaradufu hii yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 imebonyea takriban milimita 0.4 tu! Jua, lililo kwenye pini moja, limehama milimita 9.3 kutoka katikati. Vitabu vingi huichora kama yai, ndiyo maana watu hudhani kosa la duara lilionekana wazi.