Waridi la Dorothy na mtoto anayeogopa umati

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa tunaishi Perth, Australia. Mume wangu amekata tiketi za onyesho la The Wiggles, lile kundi la Australia linaloimbia watoto wadogo. Binti yetu ana miaka 2 na nusu. Wakiwa kwenye televisheni anawachezea mpaka jasho linamtoka, lakini penye watu wengi huning'ang'ania na kulia. Nimwache nyumbani? Na mbona kina mama wenzangu wananiambia nibebe waridi na mfupa?
Mama Perth

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpeleke.

Katika onyesho lao, Dorothy ni dinosaria wa kijani mwenye madoa ya njano, na chakula chake ni waridi. Mfupa ni wa Wags, yule mbwa. Watoto huja navyo, na wasanii huvipokea. Wewe usinunue: kaeni sakafuni siku mbili kabla, mchore waridi la karatasi, mlikate. Aingie ukumbini akijua amekuja kuleta chakula cha Dorothy.

Kundi hili lilianza Sydney mwaka 1991. Anthony Field, Murray Cook na Greg Page walikuwa wamekutana wakisomea malezi ya watoto wadogo Chuo Kikuu cha Macquarie. Jeff Fatt, mpiga kinanda, hakuwa amesomea hayo, basi akapewa kazi ya kusinzia. Wenzake wanahesabu moja, mbili, tatu, na ukumbi mzima unapaza sauti kumwamsha. Nimefundisha chekechea miaka 26, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mtoto wa umri huo kila asubuhi huamshwa, huvalishwa, huambiwa nyamaza. Pale yeye ndiye anayemwamsha mtu mzima, na mtu mzima anaamka kweli! Jeff alistaafu 2012. Usingizi aliurithi Lachlan Gillespie, pamoja na shati la zambarau.

Sasa nije kwako. Niliwahi kumpeleka mjukuu wangu kwenye onyesho la watoto. Nikakaa na mkoba mapajani, nimefumba mdomo, naye akakaa vivyo hivyo, macho kwangu. Nilipoinuka na kupunga mikono, akainuka. Wewe umekulia kwenye "Paukwa!" "Pakawa!", unajua msimulizi haendelei mpaka aitikiwe. Itikia. Simu ibaki mkobani, maana binti anataka kuuona uso wako.

Fikeni mapema, ukumbi ukiwa bado haujajaa, ili azizoee kelele taratibu. Kaeni kando ya njia, mbali na spika. Akilia, toka naye nje, mpe maji, mrudi wimbo mwingine ukianza. Mwonyeshe pia Tsehay Hawkins, mwenye shati la njano. Alizaliwa Ethiopia, akajiunga na kundi mwaka 2021.

Na lile waridi alikabidhi mwenyewe. Akigoma dakika ya mwisho, rudini nalo nyumbani.