Kompyuta zipo kila hospitali, mbona rekodi hazisomani?

SWALI: Habari mhariri. Mimi naingiza taarifa za wagonjwa kwenye mfumo, sasa tumeambiwa tuache kuandika ugonjwa kwa maneno, tuchague msimbo kwenye listi, na foleni inazidi kurefuka. Si akili bandia ipo, itaelewa tu tulichoandika? Afu mbona hospitali zote zina intaneti na bado mgonjwa anatembea na makaratasi?

JIBU: Pole na foleni. Intaneti inasafirisha tu, haijui imebeba nini. Nyie mkiandika "kisukari", wenzenu "sukari", mwingine "DM2" (kifupi cha kisukari aina ya 2), daktari ataelewa ila kompyuta inahesabu magonjwa matatu. Ndo kazi ya ICD hiyo, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO): kisukari aina ya 2 kwenye toleo la 10 ni E11, kwenye la 11 lililoanza kutumika 2022 ni 5A11, kwa hiyo hata toleo lazima litajwe.

Majina ya magonjwa lakini ni afadhali, balaa liko maabara. Sukari ya damu ya 7 kwa yuniti ya mmol/L ndo ileile 126 kwa yuniti ya mg/dL, sasa tuma 7 tupu bila yuniti kwenda kwenye mfumo uliozoea mg/dL uone, utapiga kelele kwamba mgonjwa sukari imemshuka anakufa kumbe yake iko juu. Hiyo akili bandia unayoitegemea ikifundishwa na data za namna hiyo itajifunza vizuri tu, ila itajifunza uongo. LOINC, orodha ya misimbo ya vipimo iliyoanza 1994, inakipa kila kipimo msimbo wake, na FHIR, kiwango cha kutumiana taarifa za afya cha shirika la HL7, ndo inapanga namba, yuniti, tarehe na mgonjwa vikae wapi mifumo inapotumiana. Mgonjwa asipokuwa na namba moja inayotambulika pande zote mbili, makaratasi atabeba tu.

Kuhusu kuchelewa una haki kabisa. Skrini nzuri unaandika "sukari" yenyewe inakuletea misimbo, kama mnasogeza listi ndefu kwa mkono mbaneni fundi airekebishe. Maelezo ya daktari yabaki vilevile kwa maneno, akili bandia inaweza kuyasoma ikapendekeza msimbo, mtu akathibitisha. Ila msikimbilie E14, kisukari kisichotajwa aina, kwa kila mgonjwa ili foleni isogee, hapo bora hata mngeendelea na maneno yenu.