Kwa nini kinga ya mwili haikuizuia saratani ya ngozi?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 61, na tangu nipate akili sijamwona akilazwa hospitalini. Mwaka jana alitokewa na baka jeusi kwenye kisigino cha mguu wa kushoto. Kwa kuwa anauza mboga na hushinda amesimama, tulidhani ni kiatu kilichomchubua. Kliniki ya mtaani ilimpa dawa ya kupaka ya fangasi kwa miezi mitano. Sasa tumeambiwa ni saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na kwamba imefika kwenye mtoki wa kinena. Mwili ambao haukuwahi kushindwa na homa umeshindwaje na doa? Majirani wanasema saratani imemmaliza kinga, nao wamemletea chupa tatu za dawa ya mitishamba ya kuongeza kinga. Je, nimpe?
Binti wa mama mboga, Kayole, Nairobi

JIBU: Binti yangu, pole sana wewe na mama. Nianze na hilo neno "kumaliza", kwa sababu ndilo linalowapotosha majirani wenu. Virusi vya UKIMWI visipotibiwa humaliza kinga kweli: huziua chembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi, zikapungua mwili mzima, hata maradhi ambayo mtu mwingine angeyashinda bila kujua yakamwangusha. Melanoma haifanyi hivyo. Mama yako akikatwa na kisu leo, kidonda kitapona kama kilivyopona miaka yote, na akishikwa na mafua atayatema. Walinzi wake wapo, tena wengi. Saratani imewafumba macho pale ilipo na katika njia inayopitia kusambaa, na hilo laweza kumpata mtu mwenye afya njema kabisa.

Kila seli ya mwili huonyesha juu ya ganda lake vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake, mfano wa mkazi anayeonyesha kitambulisho getini. Walinzi waitwao seli za T hupita wakikagua, na wanapoona kitambulisho kigeni huiua seli hiyo. Mara nyingi melanoma huonekana, nayo hushambuliwa. Nimewahi kuliangalia doa la mgonjwa lililokuwa jeusi pembeni na limefifia katikati likawa jeupe kama kovu. Pale katikati kinga ilikuwa imepigana na kushinda. Tabu ni kwamba seli chache zinazosalia baada ya vita kama hivyo ni zile zilizokuwa na namna ya kujificha, na hizo ndizo zinazozaana. Nyingine huacha kabisa kuonyesha kitambulisho, na mlinzi hupita asione kitu.

Njia nyingine ni ya hila zaidi. Seli ya T ina breki zake, mojawapo ikiitwa PD-1, na mwili uliiweka kwa sababu njema, ili vita vikiisha walinzi watulie wasije wakaunguza nyumba yao wenyewe. Mlinzi anapoishambulia saratani hutoa kemikali ya tahadhari iitwayo interferoni. Seli ya saratani inapoihisi kemikali hiyo huchomoza juu ya ganda lake protini ambayo huikanyaga breki ile ile. Maana yake ni kwamba sauti ya mlinzi ndiyo inayomfundisha adui kumnyamazisha. Zaidi ya hapo, uvimbe huwaita karibu nao aina nyingine za chembe nyeupe, ambazo kazi yake ya kawaida ni kupoza mapambano, na huteketeza baadhi ya virutubisho ambavyo seli za T huvihitaji ili zizaane.

Sasa tufike kwenye mtoki, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Maji ya limfu kutoka kwenye kisigino hupanda mguuni na kupita kwenye tezi za kinena, na tezi hizo ndizo kambi ambamo seli za T hufundishwa adui ni nani. Watafiti waliozichunguza tezi za kwanza kupokea limfu kutoka kwenye melanoma waliona kwamba seli zenye kazi ya kupeleka habari kwa walinzi zilikuwa zimepungua na kudhoofika, hata katika tezi ambazo bado hazikuwa na seli ya saratani ndani yake. Uvimbe ulikuwa umetuma kemikali zake mapema. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha pia kwamba melanoma hutoa vifuko vidogo mno vinavyobeba ile protini ya kukanyaga breki, na vifuko hivyo husafiri kwenye damu na kuwazima walinzi walio mbali na doa lenyewe. Kwa hiyo seli za saratani zilipofika kwenye kinena cha mama, zilikuta kambi iliyokwisha kulegezwa. Kutoka hapo huweza kuendelea hadi kwenye mapafu, ini na ubongo.

Kwa kuwa walinzi wamezimwa tu wala hawajafa, wanaweza kuamshwa. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuziachia breki hizo. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, kisha pembrolizumab na nivolumab zikafuata mwaka 2014. Kabla yake, zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao melanoma ilikuwa imewasambaa mwilini walifariki ndani ya mwaka mmoja. Katika utafiti mmoja mkubwa uliotumia ipilimumab na nivolumab kwa pamoja, wagonjwa 43 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Nakusihi, hata hivyo, usiichukue namba hiyo kuwa ni ahadi kwa mama. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa na melanoma ya ngozi nyeupe iliyosababishwa na jua, ambayo ina mabadiliko mengi ya jeni na kwa hiyo huonekana kwa urahisi. Melanoma ya unyayo, ambayo ndiyo inayotupata zaidi sisi Waafrika, haitokani na jua, ina mabadiliko machache, na huitikia dawa hizi kwa kiwango kidogo zaidi. Huitikia, lakini kwa kiwango kidogo zaidi.

Kama saratani ya mama haijavuka kinena, muulize daktari wa saratani mambo mawili waziwazi: iwapo upasuaji unaweza kuiondoa yote, na iwapo dawa ya kuamsha kinga inafaa kuanza kabla ya upasuaji. Tafiti za karibuni zimeonyesha faida ya kuianza mapema, wakati uvimbe ungali mwilini, na wengi wanaamini ni kwa sababu seli za T bado zina mfano wa kujifunzia. Dawa hizi ni ghali sana, hivyo ulizeni mapema kile ambacho SHA, bima ya afya ya serikali, italipa.

Kuhusu zile chupa tatu, usimpe. Hakuna mitishamba iliyothibitishwa kuiachia breki niliyoieleza, na baadhi huumiza ini. Mgonjwa anayepewa dawa za kuamsha kinga hupimwa damu mara kwa mara kuangalia ini, kwa kuwa walinzi walioachiwa breki huweza kulishambulia, sawa na wanavyoweza kuyashambulia matumbo, mapafu au tezi ya shingo. Vipimo vya ini vikipanda ilhali amekunywa pia chupa za majirani, daktari hatajua alaumu kipi, na huenda akalazimika kusimamisha matibabu. Majirani wamefanya kwa upendo; washukuruni, kisha chupa zipelekeni kliniki daktari azione. Na mama akianza kuhara au kukosa pumzi akiwa kwenye matibabu, asisubiri tarehe ya kliniki.

Miezi mitano ya dawa ya fangasi inaniuma, kwa sababu naiona mara nyingi mno. Unyayo ni wa kuoshwa, kupanguswa na kumulikwa kwa tochi. Ngozi yake ina matuta na mifereji kama alama za vidole. Tukiikuza kwa kioo, doa lisilo na madhara kwa kawaida hupaka rangi kwenye mifereji, ilhali melanoma huipaka juu ya matuta. Nyumbani hamna kioo hicho, lakini mnaweza kutambua kwamba damu iliyovilia kwa sababu ya kiatu hufifia na kuondoka kadiri ngozi inavyokua. Baka linalobaki pale pale au kupanuka ni la kukatwa kipande na kupelekwa maabara. Vivyo hivyo kwa mstari mweusi chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye picha yake imepamba matatu nyingi za mji huu, alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na ilikuwa imefika kwenye ubongo alipofariki Mei 1981, akiwa na miaka 36.

SWALI: Mtoto wangu ana ualbino na yuko darasa la tatu. Nimesikia kwamba jua lenyewe hupunguza kinga ya ngozi. Ni kweli?
Mama, Kawangware, Nairobi

JIBU: Ni kweli, mama. Katika miaka ya 1970, mtafiti Margaret Kripke wa Marekani aligundua kwamba uvimbe wa ngozi uliosababishwa na mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana iliyomo katika jua, ukipandikizwa kwa panya mwenye afya, mara nyingi ulikataliwa na kinga yake. Ukipandikizwa kwa panya aliyekwisha kuanikwa kwenye mionzi hiyo, ulikua. Mionzi huharibu jeni za seli za ngozi na wakati huo huo huwafukuza walinzi wanaokaa humo. Mtoto wako, asiye na melanini, yaani rangi ya ngozi, ya kumkinga, hupata madhara yote mawili kwa pamoja, na saratani inayowapata zaidi watu wenye ualbino huanza kama kigaga au kidonda kisichopona usoni, masikioni, shingoni au nyuma ya viganja.

Usidanganywe na ubaridi wa Julai. Nairobi iko karibu na ikweta na juu sana kutoka usawa wa bahari, na mawingu huipitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shati la mikono mirefu ndiyo kinga ya kwanza. Zaidi ya hayo, mafuta ya kuzuia jua hupakwa kwenye ngozi iliyobaki wazi, na kurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kidonda chochote kikipita mwezi bila kupona kionwe na daktari wa ngozi. Na mwandikie mwalimu wa darasa barua, umwombe kwamba wakati wa gwaride na michezo mtoto akae kivulini, wala asilazimishwe kuvua kofia kwa kisingizio cha sare.