Barua kwa mwanangu: kosa la kipande kinachotupwa

Mwanangu,

Majibu nimeyapata. Wewe AS, yaani umebeba jeni moja ya selimundu (S) na moja ya kawaida (A); mchumba wako wa Maskati hana selimundu, ila amebeba thalasemia ya beta, kasoro ya kurithi inayopunguza himoglobini, na karatasi yake imeandikwa IVS-I-5. Daktari kawaambia kosa lake liko kwenye introni, sehemu ya jeni inayokatwa ikatupwa. Ndipo ukaniuliza: kama hutupwa, inamdhuru nini mtu?

Jeni yenyewe ni moja kwenu nyote, ya beta globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, nayo iko kwenye kromosomu ya 11. Ina eksoni tatu, vipande vinavyobaki, na katikati yake introni mbili. Seli huinakili yote kuwa RNA, nakala ya maelekezo ya jeni, kisha huziondoa introni na kuziunga eksoni, ndipo protini itengenezwe.

Kosa lako wewe limo ndani ya eksoni: herufi moja ya jeni, A, imegeuka T, na katika protini asidi ya glutamiki ikatoka, valini ikakaa mahali pake. Himoglobini hiyo inatengenezwa vizuri tu, lakini ikipungukiwa na oksijeni hushikamana.

Kwake, hiyo IVS-I-5 ni herufi ya tano ya introni ya kwanza, G imekuwa C. Wanalijua sana Oman hilo. Maelekezo ya protini hayakuguswa hata kidogo. Lakini mwanzo wa introni ndipo penye alama ya kukatia, kama chaki ya fundi cherehani: haivaliwi na mtu, ila ikififia mkasi unapita kwingine. Seli hukata mahali pa jirani pasipostahili, hata ndani ya eksoni, na RNA inayotoka haifai. Mara chache hupatia, ndiyo maana himoglobini nzima haikosekani kabisa.

Kwa hiyo "hana selimundu" isikupumbaze. Kipimo cha haraka cha selimundu hakitafuti mbebaji wa thalasemia. Thalasemia huonekana kwa seli nyekundu ndogo na HbA2, aina ya himoglobini iliyo kidogo kwenye damu, kupanda, kwa kawaida kupita asilimia 3.5. Kila mimba, nafasi ni moja kwa nne mtoto achukue S yako na hiyo ya mwenzako, na ugonjwa wake utakaribia sana selimundu kamili.

Sikwambii umwache. Nendeni pamoja kwa mshauri wa vinasaba kabla baba yako hajapanga tarehe, mkaulize na habari ya kupima mimba ikiwa changa. Na mdogo wako akapime wiki hii: hiyo S umeirithi kwangu, naye anaweza kuwa nayo.

Mama yako