Akaunti Imedukuliwa, na Mengine Tuliyowahi Kusema

Jumanne nilikuwa nakunywa chai nyuma ya Soko la Kilombero, hapa Arusha. Meza ya pili alikaa kijana mpya wa habari wa mheshimiwa fulani: kitambulisho shingoni, simu mbili, pawabenki kubwa kama tofali. Akapigiwa na mwandishi. Nilisikia upande mmoja tu: "Hapana kaka, akaunti ya mheshimiwa ilidukuliwa. Ile posti siyo yake." Akakata, akashusha pumzi, akaagiza chapati ya pili.

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa mkono uleule. Mimi mwenyewe nimeshadukuliwa mara nne katika kazi hii, na hakuna mdukuzi hata mmoja aliyewahi kuhusika.

Kwa hiyo nawaandikia nyie mlioingia juzi: wasaidizi wa wabunge, maafisa habari wa halmashauri, na nyie wa "timu ya mitandao" ambao hamna dawati wala barua ya ajira ila mnaamshwa saa tisa usiku kufuta posti. Wakongwe wanaweza kuendelea na shughuli zao.

1. Pokea simu. Mwandishi akipiga saa kumi na moja jioni, anataka stori yake iwahi taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Usipopokea itatoka vilevile, na mstari wa mwisho utasema juhudi za kumpata mhusika ziligonga mwamba. Huo mwamba ni wewe.

2. Neno "mchakato" lipewe likizo. Barabara ipo kwenye mchakato, zahanati ipo kwenye mchakato, hata choo cha soko kipo kwenye mchakato. Na ndugu yake, "upembuzi yakinifu", amfuate hukohuko. Kuna mkutano wa hadhara Ngarenaro, mheshimiwa wangu alilitaja mara tatu, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza huyo Yakinifu ni mkandarasi wa wapi, maana kila kazi anapewa yeye na hamalizi. Uwanja mzima ulicheka isipokuwa meza kuu. Kama hujui, sema hujui, kisha taja siku utakayorudi na jibu, na urudi kweli.

3. Namba mbaya itoke kwenu kwanza. Niliwahi kuambiwa nifute kipimo cha floraidi cha kisima kwenye taarifa kwa vyombo vya habari kwa sababu "itazua taharuki". Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sisi tulikuwa mbali juu ya hapo. Watu wengi wa miteremko ya Meru wana meno ya kahawia tangu utotoni kwa floraidi hiyohiyo. Sasa hapo unamficha nani? Mtu anacheka tu mbele yako na jibu unaliona.

4. Boza. Hii ndiyo sababu ya kuandika yote haya, kaeni vizuri.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Kata moja huko mlimani, na cheo cha mheshimiwa nakiacha. Mradi wa maji: tanki jeusi la plastiki limeshakaa juu ya mnara wake, vilula vimepakwa rangi ya bluu, jiwe la msingi limeandikwa jina. Kilichobaki ni kipande cha bomba kutoka kwenye chanzo, mita mia sita hivi, na mabomba yake yalikuwa hayajafika. Tarehe ya uzinduzi ilishatangazwa. Mtangazaji ni mimi.

Mheshimiwa hakuniambia nidanganye. Aliniuliza tu, "Siku hiyo maji yatatoka?" Na mimi, kwa kutaka kuonekana mchapakazi, nikajibu, "Yatatoka, mheshimiwa." Hakuuliza yatatoka wapi. Miaka mingi nilimtetea kwa hilo. Siku hizi naona mtu mzima anayeuliza swali la kwanza na kuruka la pili anajua anachokifanya, na kijana anayejibu haraka hivyo ndiye aina ya kijana anayemtafuta.

Saa kumi alfajiri boza, lile lori la kubeba maji, likapanda. Lita elfu tano. Nilisimama kwenye baridi na tochi mdomoni nikasaini daftari la dereva: tarehe, saa, lita, "tanki la kata", jina langu kamili, mwandiko umenyooka kama nasaini cheti cha ndoa.

Mheshimiwa alitakiwa afike saa nne. Alifika saa saba, jua limewaka juu ya lile tanki jeusi toka asubuhi. Turubai, kwaya, kamera tatu. Hotuba niliiandika mimi, na humo nilichomeka ile ahadi ya zamani ya mwanachama wa TANU, kwa sababu kata ile ina wazee wengi. Mheshimiwa akasema, "Nitasema kweli daima," akanyamaza kidogo kama nilivyomwelekeza, na wazee wote wakamalizia, "Fitina kwangu mwiko!" Nilisisimka mwili. Nilikuwa najisikia mwandishi bora wa hotuba Kanda ya Kaskazini.

Akafungua koki. Maji yakaruka, vigelegele vikapigwa. Bibi mmoja alikuwa na ndoo ya kijani, mshikio wake umekatika na mahali pake pamefungwa waya. Akapewa heshima ya kuchota wa kwanza. Akaingiza mkono. Akautoa. Akauingiza tena. Mnaotoka huku mnayajua maji ya mlimani, yanauma mpaka kwenye kucha. Haya yalikuwa ya vuguvugu, tena na harufu ya chuma. Mwandishi akamsogezea maiki: "Bibi, unajisikiaje leo?"

Bibi akajibu taratibu, bila hasira hata kidogo. "Maji mazuri, mwanangu. Ila haya hayajatoka mlimani. Haya yamepanda gari."

Hapo watu walicheka, na mpaka hapo tulikuwa bado tunapona. Naomba mlielewe hili. Mheshimiwa angeshika maiki akasema, jamani mabomba yamechelewa, tumeona aibu kuwaambia, tusameheni. Wangeguna, wangecheka tena, wangekula pilau. Stori ingekufa jioni ile.

Badala yake nilirudi ofisini nikaandika taarifa ya ufafanuzi. Nilieleza kwamba maji yalikatika baada ya muda mfupi kutokana na "hitilafu ndogo ya pampu", na kwamba wenye nia ovu wapuuzwe. Nikapiga muhuri, nikatuma kwenye grupu lenye waandishi wote wa mkoa.

Mradi ulikuwa wa mserereko, ndugu zangu. Maji yanashuka yenyewe. Haujawahi kuwa na pampu.

Fundi wa maji alinipigia usiku uleule, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Kesho yake mwandishi mmoja ninayemheshimu sana alinitumia picha bila neno lolote, alama ya kuuliza tu chini yake. Ilikuwa ni ukurasa wa daftari la boza. Dereva hakuwa msaliti, aliulizwa akaonyesha, yeye kazi yake ni lita na kilomita. Saini yangu ilisomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule. Nikazima simu. Narudia kwa wale wa namba moja hapo juu: nikazima simu.

Stori ya "maji ya boza" ingekaa ukurasa wa ndani. Stori ya "pampu hewa" ilikaa ukurasa wa mbele siku mbili, na mheshimiwa akaitwa Boza mpaka kura za maoni za chama, ambazo alishindwa. Mimi nilihamia kazi nyingine. Yule mwandishi aliendelea kunipigia, lakini kwa miaka miwili kila nilichomwambia alikwenda kukihakiki kwa watu wawili wengine, hata nilipomwambia mkutano umeahirishwa kwa sababu ya mvua, na mvua inanyesha anaiona.

5. Nauli za waandishi zitolewe hadharani, kiasi kimoja kwa wote, na usijidanganye kwamba bahasha inahariri.

6. Kumbusheni waheshimiwa tamko la mali na madeni kabla ya tarehe 31 Desemba. Sheria hiyo ya maadili ni ya 1995, hakuna wa kusema ameshtukizwa.

7. Wakubwa nao. Mkiona aibu kwa ya kwangu, muangalieni Rais Nixon wa Marekani. Juni 1972 watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, Washington. Kwa wizi ule peke yake nadhani angesalimika. Kilichomng'oa Agosti 1974 ni kuficha, na ushahidi ulikuwa kanda alizojirekodi mwenyewe ofisini, anasikika akikubali majasusi wa CIA watumike kuwazuia wapelelezi wa FBI wasichunguze. Yeye kanda zake, mimi daftari langu. Hapa kwetu Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, watu walikufa mikononi mwa polisi kule Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini aliachia ngazi, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Sisemi bosi wako akijiuzulu leo atarudi Ikulu. Wengi hawarudi. Ila sijamsikia mtu anayemtaja Mwinyi, Mzee Ruksa wetu, akaanza na Shinyanga.

8. Chawa, wale wapambe wa mheshimiwa mitandaoni. Usiwape kazi ya kukanusha. Chawa anajua kusifu tu. Ukimpa kukanusha atamtukana mwandishi, mama yake mwandishi, na kabila lake, halafu Jumatatu wewe ndiye unayemwomba mwandishi huyohuyo aje kwenye ziara. Klipu mnazopost zitazamwe mpaka mwisho kwanza. Pale mwisho ndipo mheshimiwa huwa anasahau kwamba maiki bado iko hewani.

Yule bibi wa ndoo ya kijani bado yupo. Jumamosi nikienda sokoni Tengeru namkuta na ndizi zake, namwamkia, anaitikia marahaba, halafu anawaambia wenzake kwa sauti, "Huyu ndiye wa gari." Mabomba yalifika mwaka uliofuata na maji yakatoka siku ya kawaida tu, bila kwaya wala kamera. Nilimuuliza kama yana baridi. Akasema niende nikayaguse mwenyewe.

Na wewe kijana wa Kilombero, ile posti ina picha ya kioo cha gari la mheshimiwa na mkono wake wenye saa. Mdukuzi gani huyo? Mpigie yule mwandishi. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na robo, bado hajafunga stori.