Jibu: Je, Illinois wamefuta kweli dhamana ya pesa?

Mkuu, umesema binamu yako amekamatwa Chicago, jimbo la Illinois, na kuna mtu anawahimiza mchangishane pesa za dhamana. Kama kesi ni ya jimbo, msitume hata senti. Bunge la Illinois lilipitisha sheria ya kufuta dhamana ya pesa Januari 2021, gavana J.B. Pritzker akaisaini mwezi uliofuata. Ikapingwa mahakamani, ikakwama kidogo, kisha ikaanza kazi rasmi 18 Septemba 2023. Ni jimbo la kwanza Marekani kuifuta kabisa.

Zamani jaji akitaja dola 50,000, kwa kawaida familia ilitoa asilimia 10, yaani 5,000 taslimu. Aliyekosa alisota mahabusu hata kabla ya kuhukumiwa. Ule ulikuwa uonevu mtupu kwa maskini, na wabunge wale wanastahili pongezi.

Siku hizi mwendesha mashtaka akitaka mtu abaki ndani, lazima aombe na athibitishe kwa ushahidi wa kuridhisha kwamba ni hatari kwa wengine au atatoroka. Na si kila kosa linaruhusu ombi hilo. Hapo ndipo wakili anahitajika sana. Asiye na uwezo anapewa wa umma.

Ila angalieni: sheria hii haigusi mahakama za shirikisho (za serikali kuu ya Marekani) wala mambo ya uhamiaji. Akishikiliwa na watu wa uhamiaji, dhamana ya pesa bado ipo. Kwa hiyo mwulizeni kwanza huyo anayewahimiza mchange namba ya kesi na jina la mahakama, kisha mpigie wakili.