Sauti ya Mama Saa Tisa Usiku

SWALI: Shikamoo Mchungaji, na Bwana Yesu asifiwe. Mama yangu alifariki mwezi wa pili. Tangu tulipoanua matanga, nikiamka saa tisa usiku kusali nasikia ndani yangu sauti ikiniita “Kabibi”, jina ambalo mama peke yake alikuwa akiniita. Shangazi anasema sauti ya nafsi haidanganyi, niifuate. Mtumishi mmoja niliyepata namba yake mtandaoni anasema roho ya mama haijapumzika, nitume laki tatu aifungue. Nitajuaje kama ni Mungu, ni mama, au ni mimi mwenyewe? Na mama yuko wapi? (Binti wa Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Laki tatu hiyo usiitume. Tukishakubaliana hapo, tuzungumze.

Nimehudumu wodini miaka 19, na swali lako hunijia karibu kila wiki, likibadilika jina la marehemu na kiasi cha fedha. Kusikia unaitwa hakunishtui hata kidogo. “Kabibi” umeitwa tangu hujajua kutembea. Nyumba ikinyamaza, jina linapanda lenyewe. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi mwenza wao yupo, baadhi wakimsikia au kumwona kabisa. Wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Hawakuwa wendawazimu, na hakuna aliyehitaji kufunguliwa.

Ila sauti hiyo ikianza kukuambia umfuate mama, au ukikosa usingizi na chakula wiki nzima, nenda hospitali siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza. Maombi tutaendelea nayo huko huko kwenye benchi la kusubiria.

Sasa shangazi yako, kwa heshima zote. Nafsi haidanganyi? Nafsi yangu huniambia kila Jumamosi jioni kwamba nusu kilo ya kitimoto haitanidhuru, nami nina presha. Sijui nani alituletea fundisho hili kwamba kila kinachosikika ndani ni neno la Bwana. Mwandishi wa Zaburi ya 42 aliisikia nafsi yake ikilalama, wala hakuipuuza, lakini aliigeukia akaihoji: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu.” Anairudia hoja hiyo mara mbili, na Zaburi ya 43 inaimalizia kwa mara ya tatu, maana nafsi haikunyamaza kwa kuambiwa mara moja. Mtoto akilia usiku unaamka, unambeba, unatafuta kinachomuuma. Humkabidhi funguo za nyumba.

Kwa hiyo usiku ukiitwa, itika kwa sala. Mwambie Mungu, kwa sauti, kitu ambacho hukuwahi kumwambia mama. Mara nyingi nikikaa na mfiwa tunakuta kuna neno lilibaki kooni: simu ambayo haikupokelewa, ugomvi wa shamba, nauli iliyochelewa kutumwa. Hapo ndipo nafsi inapogonga.

Unauliza utajuaje kama ni Mungu. Msome Samweli sura ya tatu ya kitabu chake cha kwanza. Kijana amelala hekaluni, karibu na sanduku la Mungu, na bado alikosea mara tatu, akidhani anaitwa na mzee Eli. Aliyemsaidia kutambua ni Eli mwenyewe, na ujumbe ulipokuja ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya huyo huyo Eli. Pima hapo. Mzee aliyemfundisha mtoto kusikiliza hakupata hata senti. Alipata hasara, akakubali kwamba ni Bwana aliyenena. Huyu wako wa mtandaoni anasikia sauti ambazo kila mara zinamlipa yeye.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea chupa ndogo ya soda, imefungwa utepe mwekundu, kifuniko kimezibwa kwa nta ya mshumaa. Mafuta ya upako, alisema, ya kumpumzisha mumewe. Alikuwa ametoa 150,000, fedha za ada ya mtoto. Niliifungua mbele yake. Mafuta ya alizeti, yenye tone la marashi. Alicheka kwanza, kisha akalia sana, na nadhani siku hiyo ndipo alipomlilia mumewe kwa mara ya kwanza.

Mama yuko wapi? Makanisa hayasemi kwa kauli moja kuhusu hali ya wafu kabla ya siku ya mwisho. Wakatoliki huwaombea marehemu, Waadventista husema wamelala hawajui neno, sisi Walutheri tunawaweka mikononi mwa Kristo na kutulia hapo. Lakini wote tunaungama ufufuo wa wafu, na hakuna hata mmoja wetu anayefundisha kwamba roho ya mtu imekwama njiani ikisubiri muamala wa simu. Tajiri wa Luka 16 aliomba mfu atumwe kwa ndugu zake. Jibu lilikuwa fupi: “Wanao Musa na manabii, wawasikilize wao.” Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kulia. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini, na matumaini hayo aliyajenga juu ya Yesu aliyekufa akafufuka. Ujumbe kutoka kwa marehemu wao hakuutaja kabisa. Hata “Kabibi” akinyamaza kesho, mama hajapungukiwa kitu.

Hili nalisema kwa ukali kwa sababu biashara ya laki tatu ndiyo mlango wa nje tu. Mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Wachunguzi walisema watu hao walihubiriwa wafunge kula hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Walichukuliwa kwa tumaini hili hili ninalokuandikia, ila mtu mmoja alikuwa amejiweka katikati kama msikiaji pekee.

Ninyi wengine mnaonitumia namba za watumishi mkitaka nizikague, sina kipimo cha namba. Nitawauliza tu: kabla hajakwambia marehemu anasema nini, alikuwa ameshataja kiasi?